Ndege Wagomvi wa Kichaka cha Shosho

"Kati ya hawa wawili, nani anakaribia kuisha duniani?"

Shosho, nyanya yangu, aliniuliza hivyo akiwa na panga mkononi, tumesimama kwenye shamba lake la Kamenu, pale linapoteremkia Mto Chania. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, nasomea wanyama, na nilikuwa nimetoka chumba changu cha kupanga Kahawa Wendani kuja kumsaidia kufyeka kichaka cha lantana. Tumbili walijificha humo wakisubiri mahindi yake. Humo humo waliishi ndege wa kahawia, saba hivi, manyoya ovyo kana kwamba wametoka kupigana.

Jibu sikulijua. Lakini kusema sijui kulinishinda, nikaanza kufundisha.

"Tumbili ni mamalia, shosho. Yuko oda moja na sisi, yaani kundi moja la wanyama."

"Basi mwambie jamaa yako arudishe mahindi."

"Na hawa wamo kwenye kundi la ndege waimbaji."

"Hawa? Wanaimba saa ngapi? Si wanagombana tu!"

Nikakisia: anayeisha ni tumbili. Ana uso, ana vidole, ukimtazama unamwonea huruma. Nikamsihi shosho asiwapige mawe. Kichaka nikamwambia akate chote; darasani tulifundishwa lantana ni gugu la kigeni.

Tulikuwa tumefika nusu ndege walipolipuka kwa kelele, wote pamoja. Shosho akageuka kabla mimi sijaona kitu. Tumbili wawili walikuwa wanashuka kwenye mparachichi. Akawafukuza kwa makofi na matusi ya Kikuyu, kisha akafuta panga kwa majani.

"Inatosha."

"Shosho, bado nusu!"

"Mami, nikibomoa nyumba yao, ni wewe utanipigia kelele kutoka Wendani?"

Niliondoka nimenuna. Hiyo haikuwa sababu ya kisayansi.

Siku hizi nafanya kazi Ruiru, na nikienda kumwona hukuta nusu ile ya kichaka ingali imesimama, na ugomvi ndani yake. Ilinichukua miaka kupata jibu la swali lake. Tumbili hayuko hatarini. Ndege yule yuko hatarini, hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya, na pale vichaka vya asili vilipokwisha, hujenga kiota chake ndani ya lantana.