Kikao cha Kuipatanisha Bendi ya Neema

Mnaonijua mnajua mimi si msemaji, kanisani hukaa kiti cha nyuma karibu na redieta ya kupasha joto, na hata kwenye msiba wa mume wangu nilisema "asanteni" nikakaa, kwa hiyo mkisikia kwamba ni mimi niliyeshika maikrofoni mbele ya watu sitini na kumwaibisha mwanangu wa pekee mpaka akatoka nje bila koti, msidhani mnadanganywa. Ni mimi. Ilikuwa pale ukumbini Woolwich, siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu kifo cha Baba Neema, na chakula kilikuwa hakijapakuliwa.

Nianze na bendi. Neema alikwenda kusoma Wales, akakutana na vijana wawili wa huko, Rhys mwimbaji na Gethin mpiga gitaa, na yeye kwa kuwa alikuwa amejifunza drams kanisani kwetu (mchungaji alikuwa akimwomba apige polepole, hakuwahi kusikia) wakaanza kufanya mazoezi katika kibanda cha kijani nyuma ya nyumba ya bibi yake Rhys. Bendi wakaiita hivyo hivyo kwa lugha yao, Cwt Gwyrdd, Kibanda cha Kijani. Gethin alikuwa na tabia ya kurekodi kila kitu kwa simu, birika likichemka, mlango wa treni, na wimbo wao wa kwanza ulianza na mvua inayopiga bati la kile kibanda. Huo ndio uliopigwa redioni. Baba Neema alikuwa dereva wa basi, akausikia kwenye redio ya duka alipokuwa mapumzikoni, na aliporudi kwenye usukani akapitiliza vituo viwili kwa furaha, abiria wakapiga kengele mpaka wakachoka.

Baada ya mwaka mmoja hivi walijaza ukumbi Tottenham. Sisi tulisimama nyuma na pamba masikioni, na mume wangu akawa anamgusa bega kila aliye karibu: "Yule anayepiga ngoma ni wangu."

Halafu akaugua, halafu akafa. Neema alikuwa Cardiff kwenye shoo. Walikuja wote watatu na gari lao la vyombo asubuhi ileile, Rhys akaosha masufuria, Gethin akapandisha viti mpaka ghorofa ya nne kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, na wakaanza kuniita Mama. Nikawahesabu kuwa wangu.

Kwa hiyo miezi michache baadaye, albamu yao ikiwa karibu kutoka, Neema aliponionyesha kwenye simu mistari minne iliyosema kwamba bendi imevunjika, nilihisi kama nimepigiwa simu nyingine kutoka hospitali. Nilimwuliza kwa nini. "Imeisha tu, Mum," akanijibu kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hanijibu nacho tangu chekechea. Watu walisema Rhys na Gethin wamegombana. Neema akarudi nyumbani, fimbo zake za drams akazitia kwenye mfuko wa viatu, akalala. Chakula nilikuwa nakipeleka na kukitoa vilevile. Nilishazika mmoja, na sasa naona wa pili anaondoka taratibu chumba cha pili, nami sina la kufanya.

Ndipo nikaamua. Kwetu watu wakigombana tunaita kikao, na tunaye Mzee Barasa, aliyekuwa dereva pamoja na marehemu, ambaye amesuluhisha ndoa nyingi za watu wetu, na nikawaza kama anaweza kurudisha mke aliyeondoka na vyombo, hawezi kushindwa na gitaa. Nikampigia Rhys nikamwambia Gethin atakuja kwenye kumbukumbu, anataka kumwomba radhi. Nikampigia Gethin nikamwambia Rhys ndiye anataka kuomba radhi. (Mimi ambaye nikirudishiwa chenji iliyozidi hugeuka na kuirudisha.) Nilijiambia ni uongo mdogo wa kupatanisha.

Basi wakaja. Baada ya sala Mzee Barasa akawaketisha mbele, kila mmoja kiti chake, katikati pengo, na Neema akiwa pembeni hajui hata kinachoendelea.

"Haya," akaanza Mzee kwa Kiingereza cha kanisani, "hawa wawili walianza kukaa pamoja lini?"

"Sisi si mke na mume, bwana," Rhys akasema.

"Wote huanza kwa kukana. Nani aliondoka nyumbani?"

"Mwenye nywele ndefu ndiye mke, Mzee!" Mama Achieng akapaza sauti toka jikoni, ukumbi ukacheka, na mimi nilicheka pia, nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Mzee akangoja radhi. Rhys akamtazama Gethin, Gethin akamtazama Rhys, wakatazamana mpaka watoto wakaanza kukohoa.

"Si uliniita uniombe radhi?" Gethin akasema.

"Mimi? Mama alisema ni wewe."

Wakageuka wote wawili kunitazama, na ukumbi nao ukageuka. "Mama Neema," Mzee akaniambia kwa Kiswahili, "umewaambia nini hawa watoto?" Nikasimama, akanipa maikrofoni, nikakiri kwamba nimewadanganya wote wawili. Nilidhani hiyo ndiyo aibu ya siku. Ningekaa hapo!

Lakini Gethin akasema kwa upole, "Mama, si ugomvi wetu sisi wawili. Ni wimbo. Ule ambao wewe umo ndani."

Nikamwuliza nimo vipi. Akaeleza huku masikio yamemwiva kwamba asubuhi ile ya msiba nilikuwa nalia jikoni, simu yake ilikuwa mkononi, akanirekodi, na baadaye akaweka kilio changu juu ya muziki waliokuwa wameshaupiga. Waliousikia wote walisema hawajasikia kitu kama hicho. Neema peke yake alisema utolewe. Walimwuliza sababu, akakataa kuisema. Rhys alimtetea, Gethin akang'ang'ania, na Neema akasema basi, hakuna bendi.

Mimi nikaona mlango umefunguka. Kumbe ni kilio changu tu? Mwanangu ananionea haya bure! "Nauruhusu," nikasema kwenye maikrofoni. "Uweke hapa kwenye spika, tuusikie, yaishe."

Neema akasimama. "Mum, please." Kisha akasema kwa Kiswahili, mbele ya watu, "Mama, usiweke."

Hapo ndipo ningepaswa kujua. Badala yake nikamwambia, "Kaa, mwanangu, hapa ni watu wetu."

Gitaa likaanza taratibu, drams za Neema zikaingia, halafu nikaingia mimi. Sikuijua ile sauti. "Baba Neema, umekufa ukimwita mtoto! Umeita Neema, Neema, na Neema yuko wapi? Yuko anapiga ngoma! Baba anakufa, yeye anapiga ngoma!"

Rhys na Gethin walikuwa wameinamisha vichwa na kufumba macho, kama watu wanaosikiliza maombi. Wao tu ndio hawakuelewa. Mama Achieng alitoka jikoni na upawa mkononi akasimama. Na Gethin alikuwa amekifanya kilio kile kiitikio, kikarudi mara nne, na kila kikirudi drams za mwanangu zilikuwa chini yake zinapiga.

Neema akatoka. Nikachukua koti lake nikamfuata mpaka nyuma kwenye mapipa ya taka.

"Aliniita kweli?" akaniuliza.

Nikamwambia ukweli. Kwamba siku tatu za mwisho Baba yake hakufungua kinywa wala macho, hakumwita yeye wala mimi wala Mungu, na yale maneno niliyaongeza, mtu akilia huongeza, wala sikumbuki kuyasema.

"Miezi yote hii, Mum," akasema. Halafu, "Mbona hili hukulisema kwa maikrofoni?"

Nikatazama mkono wangu. Nilikuwa nimetoka nayo. Bado nilikuwa nimeishika chini ya koti, taa yake ndogo imezimika.

Ningerudi ndani niseme. Nilirudi. Watu walikuwa wanakula bila kuongea, nikaiweka maikrofoni juu ya meza, nikakaa kiti changu cha nyuma. Rhys na Gethin wakampeleka Neema stesheni, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho watatu hao kuwa ndani ya gari moja. Sasa anakaa Tottenham kwa rafiki yake. Jumapili akipokea simu huongea Kiingereza, kwa adabu. Fimbo bado ziko kwenye mfuko wa viatu hapa kwangu.

Kikao sitaita tena, hata paka wa jirani wakigombana. Wala sitasema uongo wa kupatanisha. Ila mliokuwa ukumbini siku ile, na mliosimuliwa, lile nililoshindwa kusema nalisema hapa. Baba Neema hakufa akimwita mtu. Na siku tuliyompeleka hospitali, mtoto akitaka kuiacha shoo ya Cardiff, ni yeye mwenyewe aliyemshika mkono akamwambia, "Nenda ukapige, mimi siendi popote."