Bi Kadowaki na Mkaguzi Asiyelala

Katika mji wa Matsue, Japani, kando ya ziwa Shinji, Bi Kadowaki Fumie aliandika programu za kompyuta miaka thelathini na minne, na hakuna aliyewahi kumwona akiandika mistari miwili pale ambapo mmoja ungetosha. Alikuwa mfupi, mwenye kicheko cha ghafla kilichowashtua wageni wa ofisi. Mwezi wa tatu angestaafu. Kabla ya hapo alitaka jambo moja tu: kanuni yake, hata moja, iingizwe kwa mkaguzi.

Huyo mkaguzi si mtu. Ni programu inayosoma programu nyingine kabla binadamu hajazisoma, ikipiga mstari mwekundu: hapa umerefusha, hapa umepindapinda. Kila mtu wa ofisi ile alikuwa na kanuni yake humo, hata aliyeajiriwa mwaka juzi. Bi Kadowaki hakuwa nayo, kwa kuwa siku zote alikuwa mtu wa kusema, "Tangulieni tu, mimi nipo."

Kanuni yenyewe ilikuwa ndogo. Orodha za programu huchanganya vitu, maneno na namba na tarehe, kama kunde na choroko katika gunia moja. Ukitaka maneno peke yake, wengi huandika amri ya kukihoji kila kitu: wewe ni neno? Na wewe je? Kumbe lugha waliyoitumia pale ina amri fupi. Unataja aina, nayo inavuta vyote vya aina hiyo kwa mkupuo mmoja. Bi Kadowaki alitaka mkaguzi awakemee wanaohojihoji, tena awasahihishie papo hapo.

Fukuma Tetsuo, mkuu wa kikundi, alisoma akajikuna sikio. "Hii ni ngumu kidogo, Bi Kadowaki."

Pale Matsue, mtu akikuambia jambo ni gumu kidogo, ujue amelikataa. Bi Kadowaki alijifanya hakusikia. "Basi tuijaribu, bwana. Tumpe mkaguzi programu ya wavuna kombe."

Walijaribu kwenye nakala ya programu ya ushirika wa wanaovuna kombe, chaza wadogo wa ziwani. Mkaguzi alisahihisha kila mahali kwa sekunde chache. Kisha Fukuma akafungua orodha ya mashua, akahesabu, akahesabu tena.

"Mashua saba zimezama," alisema.

"Zimezama wapi?"

"Kwenye kanuni yako, mama."

Zilikuwa mashua za kuazima. Kila mashua ya namna hiyo ilikuwa imevikwa koti ndani ya programu, kifuniko chenye jina la mwazimaji. Ukiihoji, "Wewe ni mashua?", koti linajibu kwa niaba ya aliye ndani: ndiyo. Lakini ile amri fupi haihoji mtu. Inapapasa yenyewe, inakuta koti, inapita zake, na mashua inaachwa nje ya orodha.

"Na koti alishona nani?" Bi Kadowaki aliuliza.

Fukuma alikohoa. "Nilikuwa kijana bado."

"Ulishona vizuri mno, ndiyo maana tunazama."

Watu walicheka, lakini Bi Kadowaki alirudi nyumbani amenywea. Wiki tano zilibaki, na kanuni inayopoteza mashua za watu haiingizwi popote.

Jumamosi alimkuta mumewe, Isamu, barazani akichambua kombe wadogo weusi aliowavuna asubuhi. Isamu aliwamwaga juu ya ubao kiganja kwa kiganja, kichwa amekiinamisha. Kombe mzima hulia kama kokoto. Aliyekufa hutoa sauti ya kizibo. Mkono ulitupa wabovu bila macho kutazama. Lakini wengine aliwaweka kwenye beseni pembeni.

"Hao wamekosa nini?"

"Hawajakosa. Sikio limesema labda. Hao nitawafungua mmoja mmoja kwa jicho."

"Kwa nini usiwatupe tu?"

"Bibi wee, sikio kazi yake kunionyesha. Kutupa ni kazi yangu mimi."

Kile kicheko kikamtoka Bi Kadowaki hata kombe wakamwagika.

Jumatatu alizunguka meza kwa meza na boksi la peremende za maharage, kwa sababu ofisini pale jambo huamuliwa kabla ya mkutano. Kila meza alisema neno lile lile: mkaguzi ataonyesha mahali tu, hatagusa kitu. Kusahihisha ni kwa mtu mwenyewe, baada ya kutazama kama kuna koti.

Meza ya Fukuma aliiacha mwisho. Fukuma alitafuna peremende polepole.

"Ataonyesha, hatagusa?"

"Hatagusa."

"Na mimi nikimpuuza?"

"Atapiga kelele hadi utakapoandika sababu yako. Kama mke."

Siku ya mkutano mikono yote ilinyooka, wa Fukuma ukiwa wa kwanza. Kanuni ikaingizwa saa ile ile, mkaguzi akawashwa. Mistari myekundu ilijaa skrini, arobaini na moja, na Fukuma akaanza kusoma majina ya walioandika sehemu zilizopigwa mistari hiyo.

"Kadowaki. Kadowaki. Hapa mimi. Kadowaki, mwaka wa kwanza kazini. Kadowaki tena."

"Jamani!" Bi Kadowaki alishika mashavu. "Nimezaa mtoto, kitu cha kwanza anamng'ata mama!"

"Mwezi wa tatu bado mbali, mama," Fukuma alisema, akimvutia kiti. "Keti usahihishe, uanze na mwaka wa kwanza."