Honi za Kona ya Nitafika

Anaitwa Mama Mikanda, fundi wa viti vya magari. Ni binti wa mwanamke aliyeshona magodoro ya hospitali mpaka vidole vikapinda, na mjukuu wa yule aliyeshona matandiko ya punda, wala hakuna punda aliyewahi kupata kidonda mgongoni kwa kazi yake. Ndiye aliyenunua cherehani kwa jasho lake kabla hajaposwa, akaingia nyumbani kwa mume cherehani imetangulia, yeye nyuma. Ndiye aliyemrudisha mlangoni mkubwa mmoja mwenye tai, kisa alitaka kiti kizuri kwa mshono wa haraka. Ndiye mjane wa Mzee Nitafika, dereva wa malori. Na ndiye aliyetoka hai ndani ya lori lililomuua mumewe, nyonga imekaa upande, lakini ulimi umekaa pale pale.

Jina la Mikanda walimpa madereva, tena kwa kejeli. Dereva akileta viti vibadilishwe kava, neno lake la kwanza huwa, "Fundi, na hiyo mikanda ifunike humo humo, inatusumbua." Yeye hafuniki. Hukata tundu kwa kila kifungio, akalizungushia mshono kama tundu la kifungo cha koti, na mkanda uliochakaa huushona upya kwa uzi mnene wa viatu. Ukilalamika anakwambia, "Kiti kisicho na mkanda kapeleke sebuleni kwako, ukakalie na wageni." Wengi walinuna, wachache walihama. Waliohama walirudi, maana kava za kwingine zilikuwa zinapasuka matakoni, na hiyo nayo ni aibu.

Kibanda chake kiko ukishalipita ghala la mbao, pale barabara inapoanza kuteremka na kupinda. Mlango unatazama barabara, na cherehani inatazama mlango. Ni cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Na hapo kwenye mguu ndipo maneno yalipo.

Mzee Nitafika alipata jina lake kutokana na neno aliloandikisha kwa rangi nyekundu kwenye bampa la lori. Alikuwa mtu wa watu, mkono wazi, mcheshi, hawezi kumpita mtembea kwa miguu juani bila kumpa lifti. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kuvumilia gari lingine liwe mbele yake. Siku ile ilikuwa mchana mweupe, barabara kavu, na mbele yao lilikuwa linajikokota lori la kokoto. Mkewe alikaa kando yake, kikapu miguuni.

"Baba watoto, hiyo ni kona."

"Nitafika, mama. Barabara hii nimeizaa mimi."

Akatoka upande wa wanaokuja ili apite. Mama Mikanda aliliona basi linalokuja kabla ya mumewe. Mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu tupu, pale ambapo hapakuwa na breki yoyote, ukakanyaga kwa nguvu zote alizopewa na Mungu mpaka soli ya kiatu ikang'oka. Na mguu wa mumewe aliuona kwa macho yake mawili. Ulikuwa umelala juu ya pedeli ya mafuta, umetulia, kama mtu aliye kitandani.

Msibani mwenyekiti wa madereva alisimama, akalia, akasema breki zilikata. Dereva kama yule hauawi na kona, anauawa na chuma. Fundi makanika aliyelivuta lori alijua breki zilikuwa nzima, lakini naye aliinamisha kichwa pamoja na wenzake. Mjane alikuwa hospitali. Shemeji yake alipomletea habari za maziko, alimwambia, "Breki zilikuwepo. Hakukanyaga." Shemeji akamvutia shuka mpaka kidevuni. "Pole, shemeji. Hizo ni dawa zinakusemesha." Alipotoka hospitali aliwaambia tena. Wakamwambia marehemu hasemwi. Akawaambia mwaka uliofuata, na mwingine baada ya huo. Ikawa ni kama wimbo wa mtu anayetwanga: watu wanausikia, hakuna anayeusikiliza.

Badala yake wakamtengenezea marehemu heshima. Pale alipofia, chini kidogo ya kibanda cha mjane, pakaitwa Kona ya Nitafika, na kila dereva akifika hapo anapiga honi kumsalimia. Wakongwe waliwaelekeza wageni: "Mpigie mzee, atakupisha." Kwa hiyo wanapiga honi, moyo unatulia, na mguu hauondoki kwenye mafuta. Salamu imekuwa breki.

Na kila honi ikilia, mguu wa Mama Mikanda hukanyaga. Hauombi ruhusa. Unashuka juu ya pedeli ya cherehani, unaganda, gurudumu linakwama, sindano inabaki imezama kwenye kitambaa, na uzi unajisokota chini. Akianza tena, pale panabaki fundo dogo. Ukiwa umepanda gari la mji ule, pitisha kidole kwenye mshono wa kiti ulichokalia. Kila fundo unaloligusa, mtu aliingia kwenye ile kona bila kupunguza mwendo.

Hakuwa mtu wa mizimu. Alizoea kusema wafu wana adabu kuliko walio hai, hawapigi kelele barabarani. Lakini kuna mchana mmoja honi ililia na mguu ukaganda kama kawaida, akainua macho kutazama ni nani, na barabara ilikuwa tupu. Alitoka mpaka ukingoni. Lami ilikuwa inameremeta kwa joto, upande huu hakuna kitu, upande ule hakuna kitu. Alisimama mpaka vumbi likamkaa kwenye kope. Halafu akarudi akakaa, na siku hiyo uzi ulikatika kila alipouvuta. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mambo aliyoyaona kwa macho hawakuyaamini, wataamini aliyoyasikia?

Kilichomtisha zaidi hakikuwa honi. Kilikuwa kitinda mimba wake.

Kijana huyo aliendesha basi dogo la shule. Alikuwa na shingo ya baba yake, kikohozi cha baba yake, na ule mtindo wa kuingia mlangoni kama mtu anayetarajia kupigiwa makofi. Shule zilipofunga alileta viti vya basi vivishwe kava mpya. Siku alipopitia kutazama kazi, dereva teksi mmoja alikuwa kwenye benchi akisubiri kiti chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiyo honi uliyopiga hapo nje ulikuwa unamwamkia nani?"

"Si Baba?" Akacheka. "Sikia mama, hizi kava ziba kabisa. Watoto wanachezea vifungio, wanafungana wenyewe kwa wenyewe, kelele tupu."

"Wafundishe."

"Mimi dereva, si mwalimu."

"Na mimi fundi, si mchimba kaburi."

Dereva teksi akapiga paja. "Lo! Hilo limekupata la uso, kaka. Mimi niliomba hivyo hivyo, nikaambiwa kiti changu nikakalie sebuleni!"

Kijana alicheka pamoja naye. Hakuwa mtu wa kununa. "Mama, wewe unaogopa bure. Barabara hii nimeirithi. Pale kwenye kona nina mtu wangu, nikimsalimia ananipisha."

"Baba yako," alisema Mama Mikanda, "alimpisha nani?"

Nje gari lilipita na honi yake, mguu ukaganda, sindano ikazama. Alikaa hivyo, akiitazama ile shingo. Shule zinafungua Jumatatu. Basi litajaa watoto wa watu, na nyuma tu ya kiti cha dereva atakaa mjukuu wake mwenyewe, binti wa huyo kijana, aliyepewa jina la bibi yake na meno ya mbele makubwa ya bibi yake. Alijua kwamba maneno yake yameshindwa kwa baba na yatashindwa kwa mwana. Alichobaki nacho ni uzi. Mkanda wa kiti kile cha nyuma ya dereva aliurudia mshono juu ya mshono, mpaka sindano ikavunjika.

Ana desturi yake: hakabidhi viti mpaka avipande barabarani, asikie kama vinalia. Basi Jumamosi viti vikafungwa, akapanda, akakaa mbele, kikapu miguuni, na kujifunga mkanda. Mjukuu akakaa nyuma ya baba yake, bibi akamfunga kwa mkono wake. Kijana hakufunga wake.

"Huo wako nimeushonea nani?" mama aliuliza.

"Nitafunga tukitoka mjini."

Waliteremka. Kabla ya kona kulikuwa na trekta limevuta tela la nyasi, linakwenda kwa mwendo wa bibi harusi. Kijana alikohoa kikohozi cha baba yake, akaanza kugonga gonga usukani kwa vidole. Simu ikalia, akaichukua, akaibana kwa bega.

"Mwanangu, kona hiyo."

"Nimeiona, mama." Akapiga honi, akatoka upande wa wanaokuja.

Ng'ambo ya kona honi ikajibu. Ndefu, ya lori kubwa, haikatiki. Mama Mikanda alimwona mwanawe anatabasamu.

"Unasikia?" alisema. "Wanamsalimia Baba."

Akapiga honi tena kuitikia.

Mguu wa Mama Mikanda ulishuka kwenye sakafu tupu, kama siku ile. Alitazama mguu wa mwanawe. Ulikuwa umelala juu ya mafuta, umetulia. Akaona kila kitu kimerudi mahali pake, shingo ile, jua lile, mpaka kikapu miguuni, na kwa kitambo kidogo hakujua amekaa na nani. Lori likatokea. Alinyoosha mkono akaukamata usukani na kuuvuta kwake kwa uzito wake wote. Lori likapita likiondoka na kioo cha pembeni, basi likakwangua nyuma ya tela, likaruka mtaro, likalala kwenye vichaka likiwa limeinama.

Nyasi za tela zilikuwa zinaanguka juu ya kioo cha mbele, moja moja, pole pole.

Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye mkanda wake kama nguo kwenye kamba, macho wazi, mzima. Kijana alikuwa amerushwa kwenye dashibodi. Mdomo ulijaa damu, na mkono umepinda pale mkono usipopindia. Akafungua ule mdomo, na neno la kwanza likatoka.

"Breki, mama. Breki zimekataa."

Mama Mikanda alisikia msiba mzima ndani ya sauti hiyo.

Watu walikuja mbio. Mwenye trekta alikuwa amesharuka chini, anapiga kelele, "Mzee amewalinda! Mzee Nitafika amewalinda!" Dereva wa lori naye alifika. "Nimepiga honi!" alimwambia kijana. "Nimepiga honi tangu juu kule! Hukusikia?"

"Nimesikia," kijana alisema. "Nilidhani unamsalimia Baba."

Mwenye trekta akaacha kelele zake, akaingia kumfungua mtoto. Mtoto alipofunguliwa alimshika bibi yake shingoni, alama nyekundu ya mkanda imemkaa begani.

"Bibi, ni babu ametupisha?"

"Babu yako hakuwepo hapa, mama. Ulikuwepo mkanda."

Jumatatu, watoto wakipelekwa shule na basi la kuazima na dereva mwingine, kijana alikuwa kwenye benchi la mama yake, mkono umefungwa plasta ngumu, mdomo umevimba. Madereva walikuja kumpa pole. Mwenyekiti wao, yule yule wa siku ya msiba, sasa mzee wa mvi, alikaa na kupumua kwa huzuni.

"Spea za siku hizi, bwana. Breki zote za bandia. Hata wewe na utaalamu wako wote zikakukatikia."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mama Mikanda aliinua mguu kwenye pedeli, gurudumu likazunguka lenyewe kidogo na kusimama.

"Mwulizeni mwenye mguu," alisema.

Wote wakamgeukia kijana. Yeye aliutazama ukuta, palipotundikwa mikanda mibovu aliyoing'oa mama yake miaka yote.

"Zilikuwepo," alisema. "Sikukanyaga."

Mwenyekiti akakohoa. "Mshtuko huo, mwanangu. Ni dawa zinaku—"

"Wewe!" Mama Mikanda alisimama, nyonga yake upande, akimnyooshea mkasi. "Mimi mlinifunika shuka. Huyu hamtamfunika. Na baba yake zilikuwepo, na fundi aliyelivuta lile lori bado yu hai, kamwulizeni leo kama mna haya machoni. Mmempigia honi mtu asiyesikia, mpaka nyinyi wenyewe mkawa viziwi!"

Hakuna aliyemvutia shuka. Walinyanyuka mmoja mmoja, wanatafuta viatu vyao. Mwenyekiti alitoka wa mwisho. Alifika mlangoni akasimama kana kwamba ana neno, kisha akaenda nalo.

Wakabaki wawili. Mama Mikanda akakaa tena kwenye cherehani, sauti imeshuka.

"Mguu wangu umechoka, mwanangu. Nimemkanyagia baba yako, nimekukanyagia wewe, nawakanyagia wapita njia nisiowajua. Sasa nakupa kazi. Mpaka mkono huo upone, na ukishapona pia siku usizo na safari, utakwenda kusimama pale kwenye kona. Anayepunguza mwendo, mpungie. Anayepiga honi, msimamishe, umwambie breki zilikuwepo. Za baba na za mwana. Hilo tu, usiongeze chumvi."

"Nisimame barabarani na plasta yangu, nimseme Baba?" Akaugusa mdomo uliovimba. "Mama, watanicheka."

"Waache wacheke. Anayesimama kukucheka, amekanyaga breki."

Nje, upande wa juu, honi ililia. Mguu wa Mama Mikanda ukaganda juu ya pedeli, na safari hii hakuinua macho kutazama kama kuna gari au hakuna. Alimtazama mwanawe.

"Huyo ndiye wa kwanza," alisema. "Nenda."