Marufuku Kuchafua Hewa

Mama alikuwa na pumu, na moshi wa kuni ulikuwa ukimuua polepole. Ndiyo maana tulipogawiwa kipande cha shamba la mzungu kule Bahati, miaka ya sabini ikianza, hakujali nyumba wala malisho. Alichopenda ni mtambo wa gesi ulioachwa nyuma ya zizi: shimo la saruji lenye mavi ya ng'ombe na maji, juu yake pipa kubwa la chuma lililofunikwa kifudifudi. Mavi yakichachuka, gesi hujikusanya ndani ya pipa, kisha bomba huileta jikoni. Mama alisonga ugali kwa moto wa buluu usio na moshi, na ndipo nilipomsikia kwa mara ya kwanza akiimba jikoni.

Raha hiyo ilimkera jirani yetu, mstaafu wa serikali aliyevaa soksi nyeupe hata kwenye matope. Alisema tunanuka. Yeye alifuga nguruwe ambao hata mbwa walipita mbali na banda lao, lakini nyani haoni kundule. Akaenda Nakuru mjini kutushtaki.

Wakamtuma afisa wa afya. Nimekutana na wajinga wengi maishani, na wengi nimewasamehe kwa sababu hawakuvaa tai. Huyu alivaa. Alisimama mbele ya Mama, akanusa kama anayeonja mchuzi, akatangaza:

"Mama, wewe unachafua hewa hapa."

Kwetu, aliyechafua hewa ni mtu aliyejamba. Mama alishtuka, akageuka kututazama sisi watoto wake.

"Mimi? Haki ya Mungu si mimi. Uliza hawa."

Tulicheka hadi tukakaa chini. Afisa hakucheka. Debe tupu lile likaanza kuvuma: sheria hairuhusu shamba kutoa gesi bila chimni iliyopita paa. Mama akamweleza kwamba gesi yote inaungua pale jikoni, hakuna moshi wa kupitisha kwenye chimni. Akawasha jiko aone mwenyewe. Jamaa hata hakuinama kutazama.

"Hiyo si maneno yangu. Hakuna chimni, hakuna gesi. Sheria ni sheria."

Akafunga koki kwa waya na lakiri ya serikali, akatuonya kwamba tukiikata tutapelekwa kortini. Tungetoa wapi chimni ya chuma, na ya kupitisha nini? Wakati huohuo viwanda vya kupasua mbao kule Elburgon vilichoma maranda mchana kutwa, na sikusikia afisa yeyote aliyepanda huko kwenda kunusa. Nilimdharau mtu yule kwa moyo wangu wote, na mpaka leo sijapunguza hata kidogo.

Mama akarudia kuni. Mvua ilikuwa imeanza, kuni zilikuwa mbichi, na alipika akiwa amejifunga leso puani.

Afisa akarudi kukagua. Akapitia zizini, akagusa lakiri yake, akaridhika. Kisha akaja kusimama mlangoni pa jikoni, moshi ukimpiga usoni. Ndani, Mama alikuwa ameshika ukuta akitafuta pumzi.

"Sasa uko sawa, Mama," akamwambia kwa tabasamu. "Hewa ni safi."

Mama akafungua mdomo amjibu, kikohozi kikamkatiza. Afisa akangoja kidogo, akakipokea kikohozi kile kama asante, akaenda zake.