Kilima cha Uza Kinga

Kuna harufu moja ambayo hunichosha miguu hata nikiwa nimekaa. Ni harufu ya mpira unaoungua. Juzi, hapa Vulamba, mtaa wa Butembo, mwendesha pikipiki alifunga breki ghafla mbele ya duka langu ili asimgonge mbuzi, na ile harufu ikaingia mpaka kwenye magunia yangu ya maharagwe. Wateja walicheka, mbuzi akaenda zake. Mimi nikavuta kigoda nikaketi, kwa sababu nilikuwa nimesharudi kwenye njia ya Kalunguta, mtoto mdogo mwenye kamba kiunoni, na mbele yangu Baba anasimamisha baiskeli kwa kandambili.

Kwetu Kalunguta baiskeli tuliiita kinga, na haikuwa kitu cha kupandwa. Ilikuwa kitu cha kusukumwa. Baba alisukuma mawese kwenda Butembo na kurudi na chumvi na sabuni, akitembea kando, fimbo ndefu imefungwa kwenye usukani ili aweze kuuongoza. Ile njia ni vilima vitupu, na wasukumaji walikuwa wamevipa majina yao wenyewe. Cha kwanza kiliitwa Toa Shati. Kilichofuata kiliitwa Ita Mama Yako. Cha mwisho, kile kirefu kabla ya mji, kiliitwa Uza Kinga, kwa sababu hakuna mwanamume aliyefika katikati yake bila kuapa kwamba akifika sokoni ataiuza baiskeli hata kwa bei ya kuku. Kesho yake ungemwona tena na mzigo.

Kisha vita vikaja, na majeshi yakawa yanabadili majina upesi kuliko sisi tulivyobadili nguo. Jina lolote walilojiita, walipenda baiskeli. Walizichukua mashambani, barabarani, hata nje ya kanisa watu wakiwa bado wanasali. Ndipo majirani zetu wakabuni mbinu. Baiskeli iliyobaki, ambayo ilikuwa ya Baba, ilifunguliwa vipande vipande, na kila nyumba ikapewa kipande cha kuficha. Magurudumu yalikaa darini mwa kanisa letu la Kiprotestanti, chini ya ulinzi wa shemasi Paluku. Mnyororo ulizamishwa kwenye kopo la mawese kwa Mama Anyesi, Mkatoliki, jirani wa ng'ambo ya kijito. Kiti kiliwekwa chini ya kuku wetu aliyekuwa akiatamia, na kuku yule alikilinda kuliko askari yeyote. Mtu akitaka kusafiri, ilibidi azunguke nyumba zote akiomba vipande.

Mbinu ilikuwa nzuri, na sote tulijisifu, mpaka asubuhi ile Mama aliposhikwa na uchungu.

Mkunga alimpapasa tumbo, akampapasa tena. Mtoto alikuwa amelala kwa upana. Akamwambia Baba waziwazi kwamba huyo hatatoka mwenyewe, na kwamba jua lisizame Mama hajafika kwenye hospitali ya Butembo. Zamani vijana wanne wangembeba kwa machela, lakini vijana walikuwa wakiishi porini kwa kuogopa kukamatwa. Ilibaki baiskeli.

Nilikimbia nyumba hadi nyumba. Shemasi alishusha magurudumu, Mama Anyesi akautoa mnyororo ukichuruzika mafuta na kutaka kuja nao mwenyewe ingawa mguu wake ulikuwa mbovu. Kuku alimdonoa Baba mkono. Mwishowe tukagundua kuwa tumeficha mno: jirani aliyepewa breki alikuwa amekimbilia Lubero wiki iliyotangulia, na breki zilikuwa mfukoni mwa koti lake.

"Donc tutaenda bila frein?" shemasi aliuliza.

"Kupanda haiombe frein," Baba akasema. "Na kushuka, Mungu iko."

Walifunga kiti cha mbao juu ya kibebeo cha nyuma kwa vipande vya mpira wa ndani, wakamkalisha Mama. Mimi nilifungiwa kamba ya nyuma kiunoni. Kazi yangu ilikuwa kuvuta tukishuka, na kwa sababu nilikuwa mwepesi kama kifurushi cha mboga, sijui nilimzuia nani. Barabara kuu ilikuwa na kizuizi cha askari, kwa hiyo tulipita vijia vya juu, kati ya migomba na kahawa, mahali ambapo kila mteremko ni deni la mlima unaofuata.

Toa Shati, Baba akalivua. Ita Mama Yako, hakuita mtu, ila nilisikia pumzi yake ikikwaruza kooni. Tukishuka, aliweka mguu wenye kandambili juu ya gurudumu la nyuma, kandambili ikaanza kutoa moshi, na ile harufu ikatufuata bonde zima. Chini ya mteremko wa mwisho soli ilitoboka. Aliirusha migombani, akaendelea mguu mmoja una kiatu, mwingine peku. Nilitaka kucheka jinsi alivyotembea. Sikuwa na nguvu ya kucheka.

Tulifika mguuni mwa Uza Kinga jua limeshaanza kuinama. Baba aliutazama ule mlima kama mtu anayemtazama mgeni asiyemtaka. Alisukuma, akasimama. Akasukuma tena, akasimama tena.

"Ngoja niangalie shene," alisema, akainama kwenye mnyororo, paji la uso limeegemea kiti.

"Shene iko na nini?" Mama akamuuliza.

"Inalegea kidogo."

Mama alimwangalia mgongo kwa muda. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyekumbuka jambo la jikoni:

"Papa Masika, uniteremushe. Maumivu imeisha."

"Imeisha namna gani?"

"Imeisha tu. Hii kiti ndiyo inaniumiza mukongo. Nitatembea."

"Mama Masika, mulima yote hii?"

"Kwani miye ni jiwe?"

Walibishana kidogo, na Mama akashinda, kama kawaida yake. Alishuka, akashika kiti kwa mkono mmoja, tukaanza kupanda watu watatu na baiskeli tupu. Nami, ndugu zangu, nilifurahi sana! Mama amepona, nilijiambia. Mzigo umeisha, hofu imeisha. Nikaanza hata kuimba wimbo wa shule ya Jumapili, wakati kila unyayo wangu ulikuwa unawaka.

Kitu kimoja tu kiliniudhi. Kila baada ya hatua chache Mama alisimama.

"Mungoje nifunge kitenge," alisema.

Aliinamisha kichwa, akakishika kitenge chake kwa mikono yote miwili, akakikaza, akakaa hivyo kimya, halafu akatuambia twende. Punde, kitenge tena. Na Baba hakulalamika hata kidogo. Alitumia nafasi hiyo kuangalia mnyororo. Kitenge kinalegea, mnyororo unalegea, na mlima uko palepale. Nilichoka nao wote wawili.

"Mama, hiyo kitenge ni mubaya!" nilimfokea mwishowe. "Tutafika, nitakupatia kamba yangu ufunge nayo!"

Mama alicheka. Nasema kweli, alicheka, jasho likimtiririka mpaka kidevuni.

Tulifika. Walimpasua jioni ileile, na mdogo wangu akatolewa akiwa na hasira za kutosha nyumba nzima. Aliitwa Muhindo, jina la mtoto wa kiume anayekuja kugeuza zamu baada ya msichana, yaani mimi. Baba alilala sakafuni kwenye baraza la hospitali, baiskeli imefungwa kwenye mguu wake kwa ile kamba yangu, na hakuiuza.

Miaka mingi nilikisimulia kilima kile kama sehemu rahisi ya safari, pale ambapo Mama alipata nafuu. Wazazi wangu waliniacha nisimulie hivyo. Baba sasa ni mzee, na mpaka leo ukimuuliza, atakuapia kwamba mnyororo ulikuwa na kasoro.

Kisha ikafika zamu yangu. Uchungu wa mtoto wangu wa kwanza ulinikuta hapa mjini, tukaenda hospitali kwa miguu kwa sababu si mbali, mume wangu akiwa amebeba beseni na nguo, Mama akiwa kando yangu. Mume wangu alikuwa hajalala kwa kazi, macho mekundu, anajikwaa. Nilimwonea huruma. Maumivu yalipokuja, yalikuja kama mtu anayekukunja katikati, na nikasikia mdomo wangu wenyewe ukisema:

"Mungoje nifunge kitenge."

Nilikishika kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa, na hapo barabarani, chini ya jua la mchana, Uza Kinga kikarudi chote, hatua kwa hatua, kila mahali Mama aliposimama na kila mahali nilipomfokea. Nilimtazama. Naye alikuwa ananitazama, na alijua nimefika wapi.

Alinikamata viwiko.

"Masika," akasema, "hiyo kitenge iko nguvu, hailegee. Lia tu."