Nilimpa Pole ya Msiba Mtu Aliye Hai

Sitaki mnionee huruma. Nimekosa, na nilikosa nikiwa na akili zangu timamu. Nitukaneni mtakavyo, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Songea. Mwaka jana nilijifunza mtandaoni kwamba ukitaka kununua nyumba kwa bei ya kutupa uiuze tena, usisubiri mwenye nyumba akutafute. Mwandikie barua. Tena usiandikie kila mtu, andikia wenye shida: wajane, wagonjwa, warithi wanaogombana.

Nikaandaa orodha. Majina niliyapata wapi? Kwa mama yangu mzazi! Kila akitoka kwenye sala za jumuiya namuuliza, "Mama, nani anaumwa? Nani kafiwa?" Masikini, alidhani mwanawe ameanza kumjua Mungu. Anataja, mimi naandika.

Barua za wafiwa nilizichapa mapema, mgonjwa angali kitandani. Ndiyo, mmesoma sawasawa! Shetani gani anafanya hivyo? Mimi.

Kwenye orodha alikuwemo mwalimu wangu wa darasa la pili, mama mtu mzima anayeishi peke yake Matogoro. Alikuwa amelazwa. Siku moja nikasikia kijiweni kuwa amefariki. Sikuuliza mara mbili. Nilidandia bodaboda, nikapenyeza barua chini ya mlango wake ili niwatangulie madalali wengine: "Kwa warithi wa marehemu. Poleni kwa msiba. Tupo tayari kununua nyumba hii haraka."

Kumbe aliyefariki ni mgonjwa wa kitanda cha jirani!

Mwalimu akaruhusiwa, akarudi nyumbani, barua akaiokota mwenyewe. Jumapili akaja kwetu Lizaboni akitembelea fimbo. Mama akamkaribisha kwa furaha.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

"Marahaba. Marehemu anakuitikia."

Jamani! Akampa mama ile karatasi yenye namba yangu ya simu. Mama akaisoma taratibu mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyemwambia unaumwa. Nilijua atakuombea."

"Wewe sina neno na wewe, dada." Akanigeukia. "Nilikushika mkono huo ukaandika herufi ya kwanza. Ningejua, ningeuachia."

Nimekwenda kwake mara tatu kuomba radhi. Anafungua, ananitazama, anafunga.

Habari zilienea. Sasa mama akiingia jumuiya, wanawake wanakatisha mazungumzo. Jirani wa ukuta kwa ukuta alifiwa, mama akajua alipoona turubai limefungwa! Alipokwenda kusaidia kupika, wakamwambia wametosha. Mwezi uliopita aliugua malaria. Nikaingia chumbani na uji, akavuta shuka mpaka shingoni.

"Toka! Usije ukaniandika na mimi."

Nyie mnaotembea na majina ya wagonjwa mfukoni, msiniambie biashara ni biashara. Ni ufisi huo! Chaneni hizo barua leo, kabla mama zenu hawajaanza kuwaogopa.