Kanzu Nyeupe Kwenye Foleni

Juzi hapa mpakani Malaba, kwenye foleni ya pasipoti, dereva mmoja wa lori alianguka, akajitapikia. Mhubiri aliyekuwa akituombea kwa sauti tangu asubuhi alipandisha kanzu yake nyeupe, akarudi nyuma, akaendelea kukemea mapepo kutoka mbali. Mama muuza uji aliacha sufuria, akapiga magoti papo hapo kwenye matapishi, akampangusa dereva uso kwa leso yake huku akitutukana sote tuliosimama kutazama.

"Mama, kinywa hicho!" mhubiri alisema. "Kwani umeokoka?"

"Bado, pasta. Shika miguu tumpeleke hospitali."

Pasta alitazama kanzu yake. Miguu nikashika mimi.

Dereva alitundikiwa maji, akapata nafuu. Lakini wakati ule tulipokuwa tukimtoa kwenye geti la mpaka kumpeleka hospitali, nilimsikia mhubiri nyuma yetu akimsihi Mungu atume mtu.